Pongezi kwa Taa ya Kushoto

Tik. Tik. Tik.

Alfajiri ilikuwa haijapambazuka, chumba kizima giza, na sauti ile ilitoka pembeni yangu. Nikadhani ni panya anatafuna mguu wa kitanda. Kumbe ni mume wangu. Alikuwa ameketi amejifunika shuka gubigubi, anabonyeza kitufe cha tochi humo ndani ili mwanga usimwamshe mtoto, huku akihesabu.

"Sabini na nane, sabini na tisa, themanini," alinong'ona. "Dakika imekwisha. Mama Kidoti, themanini ndiyo haki yake."

"Haki ya nani?"

"Ya upande wa kulia. Leo saa tatu natakiwa kuutetea kwa maandishi."

Ili msomaji asidhani kwamba mume wangu amerukwa na akili, naomba nitangaze rasmi, kwa niaba ya Idara ya Mwelekeo, ambako yeye ni dereva na mimi ni karani wa kuandika kumbukumbu za vikao, kwamba gari letu limepata mafanikio makubwa upande wa kushoto. Mafanikio hayo hayajawahi kutokea katika historia ya Idara. Nitayaeleza kwa utaratibu, maana utaratibu ndio tulio nao kwa wingi.

Kazi ya Idara ya Mwelekeo ni kumwonyesha mwananchi aende wapi. Sisi ndio wa vibao vya barabarani na mishale. Tuko watumishi thelathini na mmoja na gari moja, rangi yake kama maziwa yaliyoungua. Ofisi zetu ziko mwisho wa kichochoro kifupi, na mwanzoni mwa kichochoro hicho, pale kinapokutana na barabara kubwa, kuna shule ya chekechea anakosoma binti yetu Kidoti, mwenye miaka mitano. Kila asubuhi na kila mchana watoto wanavuka pale kwenye kona, wameshikana mikono, mabegi yamewazidi mabega. Na kila safari ya gari letu lazima ikate kushoto palepale.

Siku ya Jumatatu mume wangu alifika kwenye kona, akashusha mkono wa indiketa, na gari likaanza kulia ndani ya dashibodi kama meno ya mtu mwenye homa: tiktiktiktiktik. Akajaribu upande wa kulia. Tik, ikapumua, tik. Akarudi kushoto. Homa.

Akaliingiza gari hadi getini, akavuka kwenda kwa Mama Waya. Huyu ni fundi umeme wa magari, na banda lake la mabati linatazamana na geti letu. Mama Waya alikuja na ndala zake na bisibisi moja nyuma ya sikio. Akamwambia mume wangu awashe kushoto, akalizunguka gari mara moja tu, kama mtu anayeangalia ng'ombe sokoni.

"Ya nyuma inawaka, ya mbele haiwaki," alisema. "Ngoja tusiisingizie."

Akafungua taa ya mbele kulia, akatoa balbu yake nzima, akaipachika mbele kushoto. Ikawaka bila ubishi, na ile homa ikaisha.

"Umeona, shemeji? Waya mzima, fyuzi nzima, flasha ya kupepesea taa nzima. Balbu ndiyo imekufa. Walikuwa wawili upande huu, mmoja amekufa, aliyebaki anahangaika peke yake. Likipepesa hivyo gari haliringi, linakuambia: jamani, mwenzangu hayupo. Niletee balbu mpya, dakika mbili nimemaliza."

Akairudisha balbu ya kulia mahali pake na kwenda zake kunywa chai. Uchunguzi wote ulichukua muda mfupi kuliko chai yenyewe. Hapo ndipo lilipoanzia kosa, kwa sababu Idara yetu haiamini jambo lolote lililochukua dakika mbili.

Mume wangu aliandika dokezo kwa Mkurugenzi. Nalikumbuka, nililichapa mimi. Lilisema: "Taa ya kushoto ya gari la Idara sasa inapepesa mara mia moja na sitini kwa dakika, badala ya themanini. Hii ni dalili kwamba balbu ya mbele imekufa. Naomba balbu moja."

Inafaa nieleze hapa utaratibu wetu wa kusoma. Katika Idara ya Mwelekeo, Mkurugenzi husoma sentensi ya kwanza ya kila barua. Sentensi zinazofuata husomwa na Naibu wake. Ni mgawanyo mzuri wa madaraka, na umesifiwa sana. Nafasi ya Naibu haijajazwa kwa miaka minne.

Saa nane mchana tukaitwa kikao cha dharura.

"Ndugu wajumbe," Mkurugenzi alianza, akasimama, jambo ambalo hulifanya tu akiwa na hisia au akipigwa picha. "Tangu nikabidhiwe Idara hii nimekuwa nikiomba kasi. Nimeomba kwa barua. Nimeomba kwa mabango. Nimeomba kwa kupiga meza. Wafanyakazi thelathini na mmoja, nani ameniitikia? Taa!"

Wajumbe wakapiga makofi. Afisa Ununuzi, ambaye sote tunamwita Bwana Taratibu, alipiga zaidi ya wengine, kisha akafungua kikokotoo.

"Kutoka themanini hadi mia na sitini, Mwenyekiti. Ni ongezeko la asilimia mia."

"Bila kuongezewa vifaa?"

"Bila kuongezewa hata skrubu, Mwenyekiti."

"Na kulia je?"

Bwana Taratibu akainamisha uso kama mtu anayeleta habari za msiba. "Kulia ni themanini, Mwenyekiti."

"Mwaka jana ilikuwa ngapi?"

"Themanini."

"Mwaka juzi?"

"Themanini hiyohiyo. Haijapanda hata moja."

Ukumbi mzima ukaguna. Mjumbe mmoja akatikisa kichwa na kusema kwa huzuni kwamba huo ndio ubaya wa mazoea.

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, samahani. Fundi amesema inapepesa haraka kwa sababu balbu moja imekufa."

"Karani, katika kikao hiki wewe unaandika au unachangia?"

"Naandika, Mwenyekiti."

"Basi andika."

Nikaandika kwamba ninaandika.

"Halafu hilo neno 'imekufa'," aliongeza, "silipendi. Kifaa cha umma hakifi. Kinapumzika."

Maazimio yakapitishwa kwa kauli moja. Kwamba taa ya kushoto itunukiwe Cheti cha Utendaji Uliotukuka, chenye mhuri, kikiwa ndani ya plastiki ili kisilowe mvua. Kwamba upande wa kulia uandikiwe barua ya kujieleza kwa nini usichukuliwe hatua, na kwa kuwa hauna mikono, dereva ajibu kwa niaba yake. Na kwamba ifikapo Ijumaa, atakapokuja mgeni rasmi kutoka Makao Makuu, upande wa kulia uwe umefikia mia na sitini bila visingizio.

Cheti kilibandikwa kwenye bodi ya gari, upande wa kushoto, juu kidogo ya taa iliyopumzika.

Sasa mume wangu ana tabia moja ambayo hata mahari haikuipunguza: haendeshi gari kama hajui wanaomtazama wameelewa anakwenda wapi. Basi kuanzia siku ile akawa anasimamisha gari kabla ya kona, anashuka, anawaendea watoto wa chekechea na kuinama.

"Wakubwa zangu, shikamooni. Naomba kukata huku. Mnaniruhusu?"

"Tunakuruhusuuu!" wanapiga kelele wote, Kidoti wetu akiwa mbele kwa sababu ni baba yake.

Ndipo anarudi garini, anakata kona taratibu, anaingia. Bwana Taratibu akamwona kutoka dirishani. Jumanne faili la dereva likaongezewa karatasi: "Anafanya mikutano ya hadhara barabarani bila kibali."

Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo alfajiri ile ya Jumatano, yeye na tochi yake ndani ya shuka.

"Tatizo si hesabu," nilimwambia, nikavuta shuka. "Tatizo ni kwamba anasoma sentensi ya kwanza tu. Yaweke yote kwenye sentensi moja."

"Yote?"

"Yote. Usiweke nukta mpaka umefika kwenye balbu."

Tukaandika pamoja pale kitandani, karatasi juu ya goti langu, Kidoti akijigeuza na kunipiga teke la mbavu kila baada ya muda. Ilikuwa sentensi ya ukurasa mmoja na nusu. Sijawahi kuiona sentensi ndefu namna ile, hata shuleni, hata kwa wanasheria. Ilianza hivi: "Upande wa kulia unakiri kwamba unapepesa mara themanini, kama ulivyofundishwa kiwandani, ukiamini kwamba haraka haraka haina baraka," na ikaendelea bila kupumzika hadi ikafika kwa Mama Waya, kwenye waya, kwenye fyuzi, kwenye balbu, na kwa watoto wa kwenye kona.

Saa nne jibu likarudi. Mkurugenzi alisoma hadi "unakiri". Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: "Kukiri kumepokelewa. Hatua zifuate."

Alhamisi Mkurugenzi aliamua kulishughulikia mwenyewe. Alivuka kichochoro kwa miguu, hatua kama thelathini, akifuatana na Bwana Taratibu aliyembebea mwavuli ingawa hapakuwa na mvua wala jua. Mimi nilifuata na daftari langu. Mume wangu alikuwa amelipeleka gari bandani.

"Fundi," alisema Mkurugenzi, "ongeza kulia ifike mia na sitini."

Mama Waya akamtazama kuanzia viatu. "Baba, hilo ni jepesi sana. Natoa balbu ya mbele kulia, naitupa. Hapohapo itapepesa kama kushoto."

"Unasikia, Bwana Taratibu? Kumbe njia ipo! Itoe."

"Lakini ukiitoa, baba, anayekuja mbele hajui unakwenda wapi."

"Mimi ndiye ninayetakiwa kujua ninakokwenda. Itoe."

Mama Waya akashusha bisibisi kutoka sikioni, lakini hakwenda popote. Alimtazama mume wangu. Mume wangu alikuwa amekwisha kusimama mbele ya taa ya kulia, mikono nyuma, kama mlinzi wa benki.

"Samahani, Mkurugenzi," alisema. "Kushoto imekufa kwa siku zake. Hii nzima siiui mimi, wala sitaendesha gari lililouliwa. Pale kwenye kona wanavuka watoto."

"Watoto wa nani?"

"Wa watu. Mmoja ni wangu."

"Dereva, unajua kwamba naweza kukuondoa?"

"Najua."

"Na bado umesimama hapo?"

"Bado nimesimama hapa."

Bwana Taratibu akamnong'oneza Mkurugenzi kitu kuhusu mashahidi. Wakageuka, mwavuli ukageuka, wakarudi ofisini. Baada ya dakika tano nikaitwa.

"Karani, chapa barua ya kumwachisha dereva kazi. Kosa: kuzuia kasi."

"Mkurugenzi," nilisema, "natangaza mgongano wa maslahi. Dereva ni mume wangu."

"Vizuri sana. Huo ndio uwazi ninaoutaka katika Idara hii. Andika kwenye kumbukumbu kwamba umetangaza, na kwamba nimekupongeza. Kisha chapa. Nitasaini kesho mgeni akishaondoka, maana kesho bado tunahitaji dereva."

Nikachapa. Nimechapa barua nyingi za kuachisha watu kazi, na siku zote nilijivunia kwamba barua zangu hazina kosa. Ile niliirudia mara nne. Mara ya kwanza niliandika "mpendwa" badala ya "ndugu". Mara ya pili niliandika tarehe ya harusi yetu. Mara ya tatu na ya nne sikumbuki, karatasi zilikuwa zimelowa.

Jioni nilimwambia wakati anamkatia Kidoti kucha, maana yeye ndiye mwenye mkono mwepesi.

"Jina langu umeliandika vizuri?" aliuliza bila kuinua macho.

"Vizuri."

"Angalau. Yule karani aliyekutangulia alikuwa ananiandika kila mwezi jina la marehemu fulani."

Sikucheka. Nikatazama mlango, nikatazama sufuria, nikatazama kitanda kimoja tulichonacho watu watatu. Halafu nikasema jambo ambalo mpaka leo sijalipenda. "Baba Kidoti, kesho itoe tu hiyo balbu. Ni siku moja. Mgeni akiondoka utairudisha."

Kikatakucha kikasimama. Kidoti naye akatulia, akimpa kidole kinachofuata.

"Siku moja wanavuka watoto wangapi pale?" aliniuliza.

Ninajua idadi yao. Huwa ninawahesabu kila nikimpeleka. Alikata kucha ya kidole gumba, akaipuliza, akasema kidole kimepona.

Ijumaa ikafika. Uwanja wa Idara ulifagiliwa mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya vumbi la mara ya kwanza. Mgeni rasmi alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani ya kusomea imening'inia kifuani, na alikuwa na sifa moja iliyotushtua sote tangu mwanzo: alipokabidhiwa ratiba aliisoma yote, mpaka jina la mchapishaji pale chini.

Gari liliegeshwa katikati ya uwanja, cheti chake kinameremeta. Mume wangu akakaa kwenye usukani. Mama Waya alialikwa kama mdau, akaja na ndala zilezile.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," Mkurugenzi alitangaza kwa kipaza sauti, ingawa tulikuwa watu thelathini na wachache, "unachokwenda kukiona ni matokeo ya uongozi. Dereva, kushoto!"

Tiktiktiktiktik.

Wajumbe wakashangilia. Mgeni rasmi akavaa miwani.

"Sasa kulia," alisema yeye.

Tik. Tik. Tik.

Mkurugenzi akakohoa kwenye kipaza sauti. "Upande wa kulia, Mheshimiwa, una changamoto za kinidhamu. Barua ya mhusika iko tayari, inasubiri sahihi yangu tu."

"Rudisha kushoto," mgeni alimwambia mume wangu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kiongozi wetu aliyewahi kulifanya: akalizunguka gari. Akasimama nyuma, akatazama. Akaja mbele, akainama mbele ya taa, akakaa hapo kwa muda.

"Mbona hii ya mbele haiwaki?"

"Imepumzika, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi.

"Imekufa, mama," alisema Mama Waya kutoka nyuma. "Ina siku nne. Ndiyo maana inayobaki inakimbia hivyo."

Nikaona Bwana Taratibu anajificha taratibu nyuma ya mjumbe mnene. Lakini mgeni hakukasirika. Alitoa kalamu, akafungua daftari lake dogo. Nami nikafungua langu, kwa mazoea.

"Ngojeni nielewe," alisema. "Upande huu zilikuwa mbili."

"Mbili, Mheshimiwa."

"Moja ikatoka, na kasi ikaongezeka mara mbili."

"Naam!" Mkurugenzi alichangamka, akaona mambo yamenyooka. "Hiyo ndiyo falsafa yenyewe ya Idara. Ukipunguza, waliobaki wanaamka. Nimekuwa nikilisema hili kila kikao. Karani atathibitisha."

Nikathibitisha. Ni kweli alikuwa akilisema.

"Na hii iliyotoka, ilikuwa ya nyuma au ya mbele?"

"Ya mbele, Mheshimiwa."

"Kazi yake ilikuwa nini?"

Mkurugenzi akafikiri. "Kuonekana tu, Mheshimiwa. Kazi yenyewe inaweza kufanywa na zilizobaki."

"Kwa hiyo mkitaka Idara nzima iongeze kasi," mgeni alisema polepole, akiandika, "mnatakiwa kumtoa aliye mbele, ambaye kazi yake ni kuonekana tu."

"Kabisa, Mheshimiwa!"

"Katika Idara hii, aliye mbele ni nani?"

"Ni mimi, Mheshimiwa!" alisema Mkurugenzi, na kipaza sauti kikalirudia jambo hilo hadi barabarani.

Taa ya nyuma kushoto iliendelea kuhangaika peke yake. Mgeni rasmi akafunga daftari.

"Nimeipenda falsafa yako," alisema. "Makao Makuu tutaifanyia majaribio hapahapa. Miezi mitatu. Kuanzia sasa utapumzika."

"Kupumzika, Mheshimiwa... kwa maana ipi?"

"Maana ileile uliyonipa pale kwenye taa."

Kwa kuwa mimi ni karani, nilitazama saa na kuandika: saa tano na dakika kumi na mbili. Mume wangu alizima indiketa. Mama Waya alisema "Weee!" mara moja tu, kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kiliipata.

Naomba sasa nitoe taarifa ya matokeo ya awali ya majaribio hayo, bila chuki wala upendeleo. Barua ya kumwachisha dereva kazi haikusainiwa, kwa kuwa mwenye kusaini alikuwa amepumzika, nami nimeitumia upande wa nyuma kuandikia rasimu ya taarifa hii. Ijumaa hiyohiyo mchana mtunza stoo alilisoma dokezo la mume wangu lote, sentensi tatu, akaenda stoo na kurudi na boksi lenye balbu kumi na mbili.

"Kumbe zipo?" nilimuuliza Bwana Taratibu.

"Zilikuwepo siku zote," alijibu kwa uchungu. "Ila ziliombwa kwenye sentensi ya tatu."

Mama Waya alipachika balbu mpya. Dakika mbili, kama alivyosema, na moja kati ya hizo aliitumia kubandua cheti kwa kucha. Taa ya kushoto ikarudi themanini. Idara, kwa upande wake, ilipanda. Vibao arobaini na viwili vilivyolala stoo kwa miaka miwili, vikisubiri mtu akubaliane na mwelekeo wa mishale, vilipakiwa kwenye gari Jumatatu asubuhi na kupelekwa kusimikwa. Mume wangu aliniambia kwamba hiyo ni mara ya kwanza gari lile kubeba mzigo wa Idara. Siku zote lilikuwa likimbeba Mkurugenzi.

Mchana ule nilikwenda kumchukua Kidoti chekechea. Nilipofika kwenye kona nikamkuta Mkurugenzi wetu wa zamani amesimama ukingoni mwa kichochoro, jalada kwapani, viatu vyake vya kung'aa vimepata vumbi la kwanza la maisha yao. Alikuwa anakwenda Idarani kuuliza kama mapumziko yake yana tarehe ya mwisho.

"Shikamoo, Mkurugenzi," nilisema. Cheo ni kama harufu ya vitunguu, hakitoki siku moja.

"Marahaba, Karani. Hujambo? Na huyu ndiye binti?"

"Ndiye."

Kidoti akamwamkia, kisha akashika mkono wangu na kutazama barabara, kama baba yake alivyomzoeza. Mbele yetu gari la rangi ya maziwa yaliyoungua lilikuwa linakuja, limebaki na mlingoti mmoja tu wa kibao nyuma, taa yake ya mbele kushoto ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, bila pupa, kama mtu anayepumua akiwa amelala vizuri.

Mkurugenzi wa zamani aliitazama, uso ukamkunjika kwa masikitiko ya kweli.

"Umeona, Karani? Wameishusha! Imerudi themanini. Siku tatu tu nimetoka! Mtu akikuuliza hiyo taa inafanya kazi gani kwa mwendo huo, utamjibu nini?"

Akatikisa kichwa, akaweka jalada vizuri kwapani, na kunyanyua mguu kuingia barabarani.

Kidoti aliniachia mkono, akamshika pindo la koti kwa vidole vyake vyote vitano, akamvuta.

"Babu, ngoja, gari linakata kona huku."